Kabla hujaitazama Air Doll

Ukisikia ni filamu ya mwanamume anayeishi na mwanasesere wa kujazwa upepo, utataka kuwaita washikaji mje mcheke. Usiwaite. Mara ya kwanza niliitazama na wenzangu, utani ukawa mwingi, mambo mengi yakatupita. Itazame peke yako, watoto wakishalala, maana utupu umo.

Mwongozaji wa Kijapani, Hirokazu Kore-eda, aliitoa mwaka 2009. Hideo, mhudumu wa mgahawa jijini Tokyo, akitoka kazini anakula mezani na mwanasesere wake, Nozomi, huku akimsimulia ya kutwa nzima kama mtu na mkewe. Asubuhi moja Nozomi anapata moyo, anatoka nje, hatimaye anaajiriwa kwenye duka la kukodisha filamu. Nozomi anaigizwa na Bae Doona wa Korea Kusini, na ucheshi mwingi umebebwa na mwili wake: anaitembelea dunia kwa mshangao wa mtoto mchanga. Angalia kivuli chake, mwanga unapenya. Angalia anavyojipaka vipodozi kuficha mishono ya mwili.

Siku moja anachanika dukani, upepo unamtoka. Junichi, mfanyakazi mwenzake, anabandika utepe kwenye tundu, kisha anamjaza upya kwa pumzi yake, polepole. Hawajavuana hata shati, ila mimi sijaona tukio la mahaba linalolizidi hilo.

Msiache kuwafuatilia na watu wa pembeni. Yupo mzee wa kwenye benchi aliyewahi kuwa mwalimu wa muda, na yupo dada anayekula bila kukoma ndani ya chumba kilichojaa takataka. Mtaa mmoja, hakuna anayemjua mwenzake. Sisi wa vyumba vya kupanga, tunaopishana na jirani koridoni bila kujua hata jina lake, hapo lazima patuguse.

Lakini tukio la kurudia ni lile Hideo anapogundua kwamba Nozomi ana moyo. Badala ya kufurahi, anamwomba arudi kuwa mwanasesere, kwa sababu yeye Hideo anaona watu ni usumbufu. Kumbe hakuwahi kutaka mwenza. Alitaka wa kumsikiliza asiyemjibu. Nilisimamisha filamu hapo nikawaza simu ninazoacha ziite hadi zikatike, huku nalalamika sina mtu.

Mwisho umerefushwa kuliko ilivyohitajika, na kuna damu usiyoitegemea. Na kama umeachwa juzijuzi, isubirishe kwanza: Hideo alimpa mwanasesere wake jina la mpenzi wake wa zamani.