Maswali na Majibu: Upinde wa Zamani Usiukimbilie na Msasa

Barua za pinde za zamani zimeongezeka, hasa za rikavu za kufunguka: mshiko katikati, mikono miwili inayotoka, ncha zilizojikunja kwenda mbele. Arusha na Moshi zinaibuka kwa wageni wanaofunga nyumba na kuuza vitu, kwenye stoo za Njiro na Shanty Town, mara mojamoja hata kwenye marundo ya mitumba ya Memorial. Nimechagua barua zitakazowafaa wengi. Mnaotuma picha moja iliyopigwa gizani na kuuliza "huu ni upinde gani?", nawaomba mrudie: piga maandishi ya mikono yote miwili, piga kiungo cha mkono na mshiko, piga na ncha. Bila hivyo hakuna mtu atakayekujibu kwa ukweli.

Shikamoo mzee. Nimenunua upinde wa Bear, kampuni ya Marekani, hapa Sakina kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Kwenye mkono umeandikwa "Canada 1953". Nimeshamwambia kila mtu una zaidi ya miaka sabini. Ni kweli? Na nitajuaje kama ni wa kufunguka?

Marahaba. Si kweli, na swali hili limekuja tena na tena. Hiyo 1953 ni ya hataza ya Canada, yaani haki ya ubunifu, na kampuni iliendelea kuichapa kwenye pinde zake kwa miaka mingi baadaye. Anayekuuzia upinde kwa bei ya 1953 kwa sababu ya maandishi hayo, ama hajui au anakudanganya.

Tazama vitu vingine. Kwanza mji: ukiona Grayling, Michigan, kwa kawaida umetoka kabla kiwanda hakijahamia Gainesville, Florida, mwaka 1978. Pili, sarafu ndogo yenye dubu iliyopachikwa kwenye mshiko. Sarafu hizo zilianza 1959. Za mwanzo ni za madini na zimezama zikalingana na mbao; kuanzia miaka ya 1970 zikaja za plastiki, zilizoinuka kidogo. Pitisha kidole gumba juu yake ukiwa umefumba macho, utaijua tofauti.

Kuhusu kufunguka: kama mbao inatoka ncha hadi ncha bila kiungo, ni wa kipande kimoja, hakuna cha kutafuta. Bear wa kufunguka una kifungio cha chuma kila upande. Mkono unaingia mahali pake na kifungio kinabanwa kwa kidole, bila spana. Mishiko yake huitwa A, B na C kwa ukubwa, na mikono ina namba 1, 2 na 3. Jihadhari pia: aina hii inatengenezwa mpaka leo, kwa hiyo kifungio peke yake hakithibitishi uzee.

Wangu hauna jina, stika zote zimebanduka. Mshiko ni wa chuma, mikono inafungwa kwa boliti. Nianzie wapi? (Rau, Moshi)

Anzia kwenye kiungo. Jina linabanduka, kiungo hakibanduki.

Vua mikono, tazama kitako chake. Kitako chenye mwanya wa umbo la U unaopita chini ya kichwa cha boliti, na kitufe cha chuma upande wa chini kinachoingia kwenye mfereji wa mshiko, ni cha mfumo uliotokana na kazi ya Hoyt, kampuni ya pinde ya Marekani, ambao baadaye viwanda vingi viliufuata na kuuita ILF, yaani kiungo cha pamoja cha kimataifa. Huo ukiwa nao una bahati, kwa sababu mikono mipya ya leo huenda ikakaa. Kikiwa na tundu la boliti katikati na pini moja au mbili za kuzuia mkono usizunguke, hicho ni kiungo cha kampuni moja tu, na mikono ya kampuni nyingine haitakaa hata ukiibembeleza. Usitoboe tundu jipya ili "ukae". Nimeona mikono mizuri ikiharibiwa hivyo.

Jambo jingine la kukusaidia kukisia umri. Upinde ulirudi kwenye Olimpiki mwaka 1972 Munich, baada ya kukosekana tangu 1920, na katika muongo huo mishiko ya chuma yenye matundu ya stabilaiza, ile fimbo ya kutuliza upinde, ilienea kwa wapiga shabaha. Hoyt wenye anwani ya Missouri ni wa kabla au karibu na 1983, mwaka ambao Easton, mtengeneza mishale wa Marekani, aliinunua kampuni. Baadaye utaona Salt Lake City. Yamaha aliacha kutengeneza pinde mwaka 2002, hivyo kila Yamaha unayeshika sasa ni wa zamani.

Na boliti! Tundu la stabilaiza kwenye pinde hizi ni inchi 5/16, tredi 24 kwa inchi. Duka la spea litakupa M8, yaani boliti ya milimita 8, kwa sababu kwa macho zinafanana. M8 inaingia mzunguko mmoja au miwili, inakaza, kijana anaongeza nguvu, tredi za mshiko zinakwisha. Kama boliti haiingii kwa vidole viwili, itoe.

Fundi wangu wa fanicha Mbauda ameahidi kuupiga msasa wote na kuupaka vanishi, ung'ae kama mpya. Anataka elfu arobaini. Ni bei nzuri?

Hata akikufanyia bure ni hasara.

Ndugu zangu, hili ndilo linaloniumiza zaidi kuliko yote. Mtu anapata kitu kilichodumu nusu karne, na la kwanza analotaka ni king'ae. Mkono wa rikavu ni tabaka: faiba nyuma, faiba mbele, na katikati mbao nyembamba, mara nyingi ya mepo, zimeunganishwa kwa gundi. Nguvu ya upinde inatoka kwenye unene wa hizo faiba. Fundi wa fanicha hajui hilo, na hana sababu ya kujua. Yeye amezoea meza. Akiteleza na mashine ya msasa upande mmoja, mkono huo unakuwa dhaifu kuliko mwenzake, upinde unapinda vibaya, na hakuna gundi wala vanishi itakayorudisha. Mashine hiyo hiyo inafuta maandishi ya ratili (uzito wa kuvuta), urefu na namba ya upinde, yaani kila kitu ambacho kingekuambia una nini mkononi. Na vumbi la faiba linawasha ngozi na kuingia mapafuni. Fundi wako hatavaa barakoa kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Fanya hivi: kitambaa laini, maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, futa, kausha. Uchafu mgumu wa gundi ya stika utoe kwa mafuta ya kupikia na subira. Mshiko wa mbao uliopauka upake nta au mafuta ya mbao kidogo, usugue kwa mkono. Vanishi ya zamani iliyopasuka nyufa ndogondogo juu juu iache, haidhuru chochote. Dawa za kutolea rangi zisiguse mikono kabisa. Zinaweza kuingia kwenye gundi.

Hiyo elfu arobaini nunua uzi.

Kuna mistari kwenye faiba ya mkono. Ni hatari? (Tengeru)

Inategemea inaelekea wapi. Mistari mifupi myeupe inayokwenda na urefu wa mkono mara nyingi ni ya juu tu. Mstari unaokata mkono kwa upana, au unaosikika kwa ukucha, ni ufa. Usiuvute upinde huo. Pembeni pia tazama: ukiona faiba imeachana na mbao hata kwa upana wa karatasi, gundi imeachia. Sababu ya kawaida hapa kwetu ni gari lililofungwa vioo juani. Pitisha pamba taratibu kando zote za mkono; itanasa mahali jicho halikuona.

Mshiko ni wa chuma chepesi sana na una ufa karibu na mahali mkono unapokaa. Fundi wa kuchomelea Unga Limited anasema anaumaliza nusu saa. Nimpelekee?

Usimpelekee. Nisome mpaka mwisho kabla hujatoka nyumbani.

Mishiko mingi ya miaka ya 1970 ilimiminwa kwa magnesiamu kwa sababu ni nyepesi kuliko alumini. Kwa macho, ikiwa imepakwa rangi, huwezi kuzitofautisha. Kwangua rangi sehemu iliyofichika, ndogo kama kichwa cha pini, dondoshea tone la siki. Magnesiamu inatoa mapovu papo hapo, alumini inatulia. Baada ya hapo futa kwa maji na ukaushe.

Vumbi na vipande vyembamba vya magnesiamu vikishika moto vinawaka kwa mwanga mweupe mkali, na ukimwaga maji unazidisha moto. Fundi anayeanza kwa kusaga ule ufa kwa grainda, cheche zikiruka juu ya vumbi lake mwenyewe, anahatarisha karakana na macho yake. Moto wa namna hiyo hufunikwa kwa mchanga mkavu.

Tuseme amefanikiwa, ufa umezibwa na rangi imepakwa. Bado upinde huo haufai. Mkono ni wenzo: ukivuta ratili 40 kwenye uzi, kiungo cha mkono na mshiko kinabeba mzigo mkubwa kuliko hizo 40, kila unapovuta na kila unapoachia. Mshiko ukikatika wakati umevuta, vipande vinarudi usoni. Upinde wenye ufa kwenye mshiko utundike ukutani, vua uzi uutupe, ili mtoto au mgeni asijaribu kuuvuta. Mikono yake kama ni mizima itafutie mshiko mwingine wa aina ileile.

Uzi umekatika. Nimefunga nailoni ya kuvulia samaki, unapiga lakini unavuma. Shida nini? (Kiboriloni)

Nailoni inanyooka kupita kiasi, inapoteza nguvu na haikai kipimo. Itoe leo. Ila usikimbilie upande wa pili, kwenye nyuzi za kisasa za FastFlight na jamaa zake. Hizo hazinyooki karibu hata kidogo, kwa hiyo mshtuko wote unafika kwenye ncha, na ncha za pinde za zamani hazikuimarishwa kwa ajili yake. Zinakatwa pale uzi unapokaa. Agiza dakroni ya B-50, uzi wa poliesta unaonyooka kidogo. Ni nyepesi, haisumbui kusafirisha. Nyuzi 12 kwa upinde wa ratili 35 hadi 45, nyuzi 14 kwa 45 hadi 55. Urefu: chukua ule ulioandikwa kwenye upinde kwa kipimo cha AMO (chama cha watengenezaji wa vifaa vya upinde cha Marekani), toa inchi 3. Upinde wa inchi 62 unataka uzi wa inchi 59.

Na unauvishaje? Kama unapitisha mguu katikati ya upinde na kuukunja kwa paja, ndivyo mikono inavyopotoka. Tumia kamba ya kuvishia, yenye mifuko miwili ya ncha, unaikanyaga na kuinua mshiko. Mkono uliokwisha kupotoka kidogo unaweza kurudi: maji ya moto ya bombani, si ya kuchemka, upotoe kinyume kwa mkono, ushikilie mpaka upoe. Rudia siku kadhaa.

Je, ugwe wa mshipa wa mnyama kama wa Wahadzabe wa Eyasi utafaa?

Kwenye upinde wao, ndiyo. Kwenye rikavu ya faiba, hapana.

Mimi natumia mkono wa kulia. Upinde wa kulia unashikwa kwa mkono gani?

Wa kushoto. Unavuta kwa kulia.

Ncha moja imebanjuka kipande kidogo cha juu. Nina mabaki ya mpingo kutoka kwa mchongaji. Naweza kutumia?

Unaweza, na ni chaguo zuri sana. Mpingo ni mgumu na hauchakai haraka chini ya uzi. Tatizo lake ni mafuta yaliyomo ndani ya mbao, yanafukuza gundi. Lisawazishe bapa la mpingo, kisha lifute kwa asetoni na kitambaa safi kabla tu ya kugundisha; ukisubiri mpaka kesho mafuta yamepanda tena. Tumia epoksi ya kukauka taratibu, ile ya dakika tano achana nayo. Bana kwa kiasi, usikamue gundi yote ikatoka. Acha siku nzima au zaidi, hasa Juni na Julai. Mtaro wa uzi uchonge kwa tupa ya duara, mviringo, bila kona kali, na usiguse faiba.

Nataka kuwindia swala.

Kuwinda bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Sitamsaidia mtu yeyote katika hilo, msiniandikie tena.

Ulioandikwa 45# @ 28" ni mzito kwa binti yangu wa miaka kumi na minne?

Maandishi hayo ni ratili 45 ukivuta inchi 28. Ni mzito, zaidi ya kilo 20. Tena usiamini maandishi, pima. Azima mizani ya kuning'iniza ya buchani, vaa miwani, vuta polepole. Inchi 28 za AMO ni inchi 26 na robo kutoka pale mshiko ulipobonyea zaidi hadi kwenye uzi. Watu wengi wanasahau hiyo tofauti na kuvuta kupita kiasi. Usiachie uzi bila mshale, hata kwa mzaha. Hivyo ndivyo mikono inavyopasuka. Binti mtafutie ratili 20 hadi 25 aanze nayo.

Naishi Ngaramtoni, ukungu mwingi. Niuhifadhi vipi?

Vua uzi kila unapomaliza. Mikono ilaze bapa au uitundike kwenye vigingi viwili. Usiuegemeze konani ukasimama kwa ncha. Usiuweke juu ya jiko wala ndani ya gari. Mshiko wa chuma ufute jasho kwa kitambaa kikavu, hasa mahali rangi imetoka, ndipo uufunge kwenye mkoba.