Daktari Anajibu: Bomu, kiwewe na kichwa kisichotulia

SWALI: Mume wangu alistaafu jeshi la Kenya (KDF) baada ya kutumika Somalia. Huko gari lao lilipigwa na bomu la kutegwa barabarani, akazimia kama dakika kumi. Sasa anasahau, kichwa kinamuuma karibu kila siku, usiku anaamka akipiga mayowe, na stendi ya matatu hakanyagi. Skani ya CT haikuonyesha kitu. Tumeambiwa atibiwe ubongo kwanza, kiwewe (hofu iliyobaki baada ya tukio lile) baadaye. Ndugu zake wanasema anajifanya. — Mke wa askari, Nakuru

JIBU: Dada, CT huonyesha damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Mtikisiko mdogo wa ubongo, ambao mtu akizimia haizidi dakika 30, kwa kawaida hauonekani pichani. Kwa hiyo ndugu wanyamaze. Lakini pia si kila anachosahau kimeletwa na bomu: mtu asiyelala, anayeviziwa na hatari kila anapogeuka, husahau vilevile.

Ndiyo maana hatukubaliani na hiyo ya "ubongo kwanza". Miongozo ya Marekani ya kutibu askari na wastaafu wao, wakiwemo waliotoka Iraq na Afghanistan, inataka tiba ya kiwewe itolewe hata kama mtu ana ugonjwa mwingine pembeni. Tiba yenyewe ni ya mazungumzo, lakini si ya kupiga soga. Iko ya kuchambua mawazo yaliyokwama ("ningemwahi mwenzangu angepona"), kwa kawaida vikao 12. Nyingine humfanya asimulie tukio lile tena na tena, kisha asogelee anachokiepuka kidogo kidogo: leo asimame ng'ambo ya stendi, wiki ijayo aingie saa za watu wachache.

Inapoharibika ni kwenye kazi ya nyumbani, yaani mazoezi anayopewa na mshauri afanye kati ya vikao. Anakuja hajaifanya, mshauri anaandika "mgonjwa hashirikiani", kumbe alisahau kabla hajafika getini. Kwa hiyo mwombeni mshauri ampe kazi moja tu kwa wiki, iliyoandikwa, kengele iwekwe kwenye simu, kikao kirekodiwe asikilize tena, na wewe uambiwe kazi ni ipi. Akichoka, wapumzike dakika tano katikati. Ila kikao kisikatizwe kila anapopandwa na hofu. Hapo ni kuepuka, si uchovu wa ubongo.

Usingizi na kichwa vianze kushughulikiwa wiki hiyohiyo. Aamke saa ileile kila siku, aache miraa na pombe. Kama anakoroma na pumzi inakatika, apimwe. Hesabu pia vidonge: paracetamol au ibuprofen kwa siku 15 au zaidi kila mwezi huweza kuleta maumivu ya kichwa yenyewe.

Kuhusu dawa, sertraline husaidia kiwewe, lakini kwa ubongo uliojeruhiwa tunaanza chini, mara nyingi miligramu 25, na kupanda polepole. Prazosin ya jinamizi hushusha presha. Akiinuka ghafla usiku anaweza kuanguka na kujigonga kichwa tena. Diazepam, dawa ya kutuliza, tunaikataa: haitibu kiwewe, inazidisha usahaulifu, na kuiacha ni kazi. Tramadol, dawa kali ya maumivu, nayo inaweza kuleta degedege.

Akipata degedege, akitapika huku kichwa kikizidi, au akilegea upande mmoja, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Akisema amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Usimwache peke yake, toa silaha na akiba ya vidonge nyumbani, na mfikishe kwa daktari siku hiyohiyo.

SWALI: Je, oksijeni ya chemba yenye shinikizo inafaa kwa mtikisiko wa ubongo? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana. Ilipojaribiwa kwa askari wa Marekani, waliowekwa kwenye chemba ya kuigiza walipata nafuu sawa na waliopewa tiba halisi, na miongozo yao ya 2021 inaikataa. Gharama yake ielekezwe kwenye vikao vya mshauri.