Bati likivuja, si lazima ung'oe paa zima

Dada, umesema mabati ya nyumba yako ya Jinja yalivuja baada ya dhoruba ya juzi, na fundi anataka yang'olewe yote. Usitoe hela bado.

Huku kando ya Ziwa Victoria bati huchomwa na jua mchana kutwa, kisha mvua huliangukia ghafla. Hutanuka na kusinyaa hivyo miaka nenda rudi, msumari ukalegea na kile kimpira chini ya kichwa chake kikakauka na kupasuka. Maji hupitia hapo. Upepo nao huanza kung'oa ukingoni, kwenye bati lililokwisha kulegea.

Panda darini mchana, uzime tochi. Ukiona vitundu vya mwanga kandokando ya misumari tu, badilisha misumari: iwe minene kuliko ya zamani, ipigwe kwenye mgongo wa bati, si bondeni (mafundi wavivu hupenda bondeni). Choma mbao kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye ndizi mbivu, hilo halingoji. Mbao hiyo itolewe kabla ya bati kuguswa.

Kutu nyekundu iliyotoboa bati moja moja, badilisha hayo tu. Ikiwa imetapakaa paa zima, hapo fundi wako ana haki.

Fanya kazi hiyo Juni au Julai, kabla ya mvua za Septemba. Na ukinunua, geji 28 ni nene kuliko 30, hata muuzaji akikuapia vingine.