Tatizo halikuwa saladi, lilikuwa glasi pembeni yake

Dada, umeuliza hivi: wewe na wenzako mnakutana mkahawani mara mbili kwa wiki, siku nyingine kwa chakula cha mchana, siku nyingine kwa chai ya alasiri. Unaagiza saladi kila mara, lakini kilo zinapanda na jioni unajisikia mzito kama gunia. Unataka kujua kama uache kwenda au kuna namna, na kama uwaambie wenzako. Wengi hapa wamekujibu ubebe chakula kutoka nyumbani. Mimi nasema usiache. Nimepita hapo hapo kwa karibu miaka 3, tukiwa wanne, na hao watatu ndio walionishika mkono nilipofiwa. Siwezi kuwabadilisha na kopo la mbogamboga la kula peke yangu mezani kazini.

Kosa langu lilikuwa kuitazama sahani tu. Kuna kipindi nilikuwa naandika kwenye simu kila nilichoagiza, wala si kwa ajili ya afya, ni kwa sababu bili zetu zilikuwa zimeanza kuleta maneno. Usiku mmoja nikairudia ile orodha kitandani. Saladi, saladi, saladi. Na kando ya kila saladi, juisi kubwa. Machungwa, au ule mchanganyiko mzito wa matunda, maziwa ya mgando na asali. Mimi nilikuwa nahesabu kwamba nimekula matunda!

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa sukari wa mwaka 2015, linaiweka sukari ya juisi kapu moja na ile unayotia kwenye chai, hata kama juisi imekamuliwa ukiona na haikuongezwa kitu. Asali nayo imo humo humo. Tunda zima halimo, maana unalitafuna pamoja na nyuzinyuzi zake na linakushibisha kabla hujafika la tatu. Wanasema sukari ya namna hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima anayekula kilokalori 2,000, hiyo asilimia 5 ni gramu 25 hivi, yaani vijiko 6 vya chai. Sasa glasi ya kawaida ya juisi ya machungwa, mililita 250, ina gramu 20 na ushei. Na glasi za mkahawani unazijua, si za mililita 250. Kwa hiyo mimi nilikuwa namaliza sukari ya siku nzima kabla saladi haijafika mezani, halafu usiku nailaumu saladi.

Siku hizi naagiza maji kwanza, yenye limau au mnanaa kama wanayo, na nayaagiza nikiwa bado nimesimama. Nikishakaa nikaanza kusikiliza wengine wanaagiza nini, nimekwisha.

Tukirudi kwenye saladi yenyewe, kuna saladi za aina mbili na nilichelewa sana kuzitofautisha. Ya kwanza ni majani, nyanya, tango na sosi nyingi. Inapendeza kwenye picha. Ukiila saa saba, saa kumi tumbo linadai, na saa kumi ndipo keki zinapotolewa kabatini zikiwa bado zinanukia. Saladi ya majani matupu ni mkopo, riba yake nilikuwa nailipa kwa keki. Ya pili ina kitu cha kushika tumbo: yai, samaki, kuku, dengu, maharage, na kiasi cha wanga usiokobolewa. Hiyo ndiyo mlo. Kama kwenye menyu hawana, omba waongeze yai au maharage. Sijawahi kukataliwa, nimewahi tu kuongezewa bei.

Sosi omba ije pembeni. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, hata yawe ya zeituni, ni kilokalori 120 hivi, na jikoni hawapimi kwa kijiko, wanamimina. Sisemi mafuta ni mabaya. Mboga zisizo na mafuta kabisa hazinogi, na kuna vitamini ambazo mwili huzifyonza kwa msaada wa mafuta. Ila nataka mkono unaomimina uwe wangu.

Supu ni rafiki mzuri wa mchana, hasa ya mboga au dengu. Uliza tu imefanywa nzito kwa nini. Kama ni kwa viazi au dengu zilizosagwa, sawa. Kama ni kwa krimu, basi jua unachokula. Chumvi ya supu za mkahawani huwa kali, na kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko cha chai kisichojaa. Mimi supu ikiwa na chumvi nyingi siiongezei mkate wenye jibini. Hapo ndipo ninapoishia, sipimi zaidi ya hapo.

Jambo moja ambalo sijaona mtu amelitaja: mnakwenda saa ngapi? Sisi tulikuwa tunakimbia msongamano, tunafika saa nane na nusu ili tupate meza ya pembeni na tusikilizane. Meza tulikuwa tunaipata kweli, lakini chakula kinakuwa kimekaa tangu asubuhi. Kanuni ya usalama wa chakula ni rahisi: cha moto kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, cha baridi chini ya nyuzi 5, na kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Sina kipimajoto kwenye mkoba, lakini macho ninayo. Supu isiyotoa moshi narudisha. Sandwichi ya yai na mayonezi iliyopangwa juu ya kaunta, si ndani ya jokofu, siigusi hata ipambwe vipi. Niliwahi kuigusa moja, na Jumapili yote niliimalizia chooni. Sasa tunafika saa sita na nusu kabla ya watu, makelele yakianza sisi tunaomba bili.

Sasa chai ya alasiri, ambayo nadhani ndiyo inayokumaliza wewe, maana umesema siku nyingine mnakula mchana halafu "mnaunganisha". Msiunganishe. Sisi tulijiwekea kanuni moja tu katika miaka hiyo yote, nayo ni hii: siku ya mlo ni ya mlo, siku ya chai ni ya chai. Inasimuliwa kwamba aliyeanzisha mtindo wa chai ya alasiri huko Uingereza ni Anna, Duchess wa Bedford, karibu mwaka 1840, kwa sababu kwao mlo wa mchana ulikuwa mwepesi na wa usiku ulikuja saa mbili, naye katikati alikuwa anaishiwa nguvu kwa njaa. Angalia hapo: chai yake ilikuwa inaziba pengo. Sisi tulikuwa tunakula mchana, chai na keki saa kumi, halafu tukifika nyumbani chakula kamili saa moja na nusu. Pengo gani tulikuwa tunaziba?

Kwa hiyo siku ya chai, mchana nakula kidogo nyumbani, na chai naihesabu kama sehemu ya chakula cha siku, sijidanganyi kwamba ni kinywaji tu. Zile sahani tatu zilizopandana, za chini zinakuwa sandwichi ndogo, katikati skoni, yaani vile vimkate vidogo vya Kiingereza, juu vitamutamu, na utaratibu wake ni kuanzia chini kupanda juu. Utaratibu huo unanifaa sana. Ukianza na sandwichi ya samaki au tango, ukifika ghorofa ya juu hamu imeshapungua nusu. Tunaagiza ya watu wawili, tunakula wanne, na hakuna aliyewahi kuondoka na njaa. Mhudumu mmoja alitutazama vibaya siku ya kwanza. Ya pili alituletea sahani nne bila kuombwa.

Chai yenyewe ina mambo mawili ambayo yalinigharimu kuyajua. La kwanza ni usingizi. Kikombe cha chai ya rangi kina kafeini, ile inayofukuza usingizi, miligramu 40 hadi 50 hivi, kahawa ya kuchuja karibu mara mbili yake. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya hapati shida akiwa chini ya miligramu 400 kwa siku, na mjamzito abaki ndani ya 200. Kwa hesabu hiyo vikombe vyangu vitatu vya alasiri vilikuwa halali kabisa. Tatizo ni saa. Kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu mwilini, ingawa watu hutofautiana sana. Ukinywa saa kumi na nusu, saa tatu na nusu usiku nusu yake bado inakesha nawe. Mimi nilikuwa nalala saa saba usiku, naamka nimechoka, na mtu aliyekosa usingizi anatafuta sukari kesho yake kama nyuki. Huenda ule uzito wako wa jioni una mkono wa jambo hili pia. Sasa kikombe cha kwanza ni chai ya kweli, tena kali, vinavyofuata ni mchaichai au mnanaa. Kikombe kinabaki mkononi, na mazungumzo hayakatiki.

La pili ni madini ya chuma. Mwenzetu mmoja alikuwa anaambiwa kila akipima kwamba damu yake ni chache, ilhali anakula dengu na mboga za kijani kuliko sisi sote. Mtaalamu wa lishe akamuuliza anakunywa nini na chakula. Chai, kila siku, kikombe juu ya mlo. Tanini za kwenye chai, zile zinazoipa ukakasi, hukamata madini ya chuma yanayotoka kwenye mimea na kuyazuia yasifyonzwe. Kahawa nayo hufanya hivyo. Alishauriwa aachanishe, chai isubiri saa moja hivi baada ya kula, na kwenye dengu akamulie limau, kwa sababu vitamini C husaidia ufyonzaji. Alipewa na vidonge pia, kwa hiyo sitasema limau ndilo lililomponya. Lakini hii ni sababu nyingine ya kutounganisha mlo na chai.

Kuna wanaosema mkahawa wenye maneno "asilia", "bila gluteni", "bila sukari" kwenye ubao ndio wa kwenda. Sikubaliani. Keki isiyo na gluteni, ile protini ya ngano, inamfaa mwenye maradhi ya siliaki, ambaye utumbo wake huumizwa nayo, lakini sukari yake inaweza kuwa ile ile au kuzidi. Na mara nyingi badala ya ngano huwekwa unga wa lozi. Hilo tulilijua siku mwenzetu mwenye mzio wa lozi alipouliza, akajibiwa "haina shida, hii ni ya afya", akala kipande kimoja, na midomo ikaanza kuvimba mbele yetu. Alikuwa na dawa yake mkobani na tukamkimbiza hospitali, akapona. Tangu hapo mwenye mzio kati yetu hamwulizi mhudumu "ina lozi?", anasema "nina mzio wa lozi, naomba umwulize aliyepika". Akijibiwa kwa kusitasita, anakunywa maji.

Mkahawa mzuri mimi naupimia mambo madogo: maji wanaleta bila kununa, sosi pembeni si vita, jikoni wanaweza kukwambia kilichomo, na kiti kinakaa bila kuuma mgongo.

Utagundua pia kwamba ukila na marafiki unakula zaidi kuliko ukila peke yako. Si udhaifu wako. Watafiti wa ulaji wameliona hilo miaka mingi, na sababu kubwa ni kwamba mezani mnakaa muda mrefu zaidi. Mdomo haukubali kukaa bure wakati mkono uko karibu na sahani. Dawa yetu ni kuomba sahani ziondolewe mara tukishashiba, ibaki meza tupu na vikombe. Vile vya "tugawane", chipsi za katikati ya meza, hatuagizi tena, kwa sababu hakuna anayejua amekula ngapi, na kwenye bili kila mtu anaapa alionja mbili tu.

Kuhusu kuwaambia wenzako: mimi sikuwaambia. Mtu akitangaza mbele ya watu kwamba ameanza kula kwa afya, kila tonge lake linakuwa mjadala, na wengine wanahisi wamesemwa. Mimi niliagiza maji yangu na saladi yenye mayai nikaendelea na umbea. Wiki ya tatu mmoja akasema, "Na mimi niletee kama yake." Wa pili akaja baada ya lile somo la damu. Wa tatu mpaka leo anakunywa juisi kubwa ya machungwa na anamalizia keki ya kila mtu, na vipimo vyake ni vizuri kutuzidi sote.