Kisu cha kukunja cha kaboni: cha zamani au kipya?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Nina kisu cha kukunja cha zamani cha kaboni stili, babu ndo kaniachia, ubapa umeshakuwa mweusi mweusi. Nataka kisu cha kutembea nacho kila siku, kukata kamba, kufungua maboksi, kumenya matunda. Watu wananiambia chuma cha zamani ndo chuma, vya siku hizi havina kitu. Nibaki na hiki au ninunue kipya?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Hayo maneno ya chuma cha zamani mi siyakubali. Chukua chuma kinachoitwa 1095, kina kaboni karibu asilimia 0.95, ndo kilikuwa kwenye visu vya Old Timer vya kampuni ya Schrade vilivyotengenezwa Marekani, na kiwanda cha Great Eastern Cutlery cha Pennsylvania, hukohuko Marekani, walioanza 2006 wanakitumia mpaka leo. Sasa angalia hapa: Schrade ile ilifunga 2004, Old Timer nyingi zinazouzwa sasa zinatoka China na ni stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi, yaani jina lilelile chuma kingine kabisa, halafu mtu akilinganisha anasema kaboni ya siku hizi mbovu wakati hajashika hata kaboni yenyewe!

Tofauti kubwa iko kwenye unene. Visu vingi vya zamani ubapa wake ni mwembamba kuelekea kwenye makali, kwahiyo vinapita kwenye tunda bila kulipasua, na vipya vingi ni vinene, hata ukivinoa vikali vipi bado vinakwama. Ila sio vyote, kisu cha Opinel ya Ufaransa ya kaboni bado inatengenezwa, nyembamba kwelikweli, na ina ile ringi ya kuzuia ubapa usijikunje iliyoanza 1955 ambayo visu vingi vya babu zetu havina, sa ukikata kamba ngumu kwa nguvu hiyo ringi inaokoa vidole. Ubaya wake mpini wa mbao ukilowa unavimba, kufungua inakuwa kazi.

Chako kifungue, shika ncha uitikise pembeni. Kama hakichezi, springi bado inarudi kwa nguvu na ubapa haujaliwa sana na kunolewa, tembea nacho tu, mi nisingenunua kingine. Kikiwa kinacheza au ubapa umebaki kama sindano, kiweke salama ununue kipya chembamba cha kaboni.

Na huo weusi usiusugue tafadhali, unatokana na asidi ya matunda na unasaidia kuzuia kutu kidogo. Cha kuondoa ni kutu nyekundu, kwa stili wulu laini na oili. Ukimenya tunda futa hapohapo, kausha, tone moja la oili nyepesi kwenye kiungo, sio mafuta ya kupikia maana yanaganda yananata. Kunoa tumia jiwe, ubapa uuinamishe nyuzi 15 mpaka 20 kwenye jiwe kila upande, usimpe fundi mwenye mashine ya umeme isiyo na maji, chuma kikipata moto makali yakageuka bluu ugumu umeondoka, na hapo kunoa tena hakuurudishi.