Kwa nini Cornelis Vreeswijk huhesabiwa Mswidi

Umeuliza inakuwaje Cornelis Vreeswijk atajwe miongoni mwa waimbaji wakubwa wa Uswidi ilhali jina lake ni la Kiholanzi. Ni kweli kwamba alizaliwa IJmuiden, Uholanzi, mwaka 1937, akahamia Uswidi na wazazi wake mwaka 1949, na hadi alipofariki mwaka 1987 hakuwahi kuwa raia wa nchi hiyo. Hata hivyo, lugha aliyojifunza akiwa na umri wa miaka 12 aliimudu kuliko wengi waliozaliwa nayo. Tangu albamu yake ya kwanza ya mwaka 1964 aliimba habari za walevi, wafungwa na watu wa tabaka la chini kwa kejeli kali, akisindikizwa na gita, na baadhi ya nyimbo zake zilizuiwa kuchezwa redioni. Kwa maoni yangu, kilichomthibitisha zaidi ni jinsi alivyoziimba upya tungo za Carl Michael Bellman, mshairi Mswidi wa karne ya 18, akiziondolea adabu ya ukumbini na kuzirudishia ukali wake wa vilabuni. Ukitaka kumsikiliza, anza na hizo.