Shangazi, nyimbo zangu zinaozea daftarini. Nijitoe kwenye bendi?

Shikamoo Shangazi. Napiga gitaa la solo katika bendi ya rock hapa Arusha. Tuko wanne, huu ni mwaka wa saba, na tuna mashabiki wanaotufuata hadi Moshi. Nyimbo zote hutungwa na wawili walioanzisha bendi, mwimbaji na mpiga besi, marafiki tangu shuleni. Mimi nina daftari zima la nyimbo. Nikipiga mmoja mazoezini wananiambia "mzuri, tutauangalia", kisha tunarudi kwenye zao. Sasa hata hao wawili hawaelewani. Mpiga besi anataka shemeji yake, kaka wa mkewe, awe meneja wetu. Mwimbaji hataki hata kusikia jina lake. Mwimbaji naye haji mazoezini bila mchumba wake, na watu wanasema huyo dada ndiye anayetuvuruga. Mpiga dramu anacheka tu, hana neno. Nimechoka. Nimeshaandika status ya kuaga, bado kuituma. Nijitoe? Mashabiki hawataniona msaliti?

Daftari Limejaa, Arusha

Marahaba, mwanangu. Hiyo status ifute kwanza, ndipo tuongee.

Kujitoa si dhambi. Lakini jinsi mtu anavyoondoka huacha kidonda kikubwa kuliko kuondoka kwenyewe. Septemba 1969 John Lennon aliwaambia wenzake wa Beatles, ile bendi ya Waingereza wanne, kwamba yeye basi tena. Wakakubaliana wakae kimya, kwa sababu mambo ya mkataba na kampuni ya kurekodi yalikuwa bado yanazungumzwa. Aprili 1970 Paul McCartney akawa anatoa albamu yake binafsi, na kwenye nakala za waandishi wa habari akaweka karatasi ya maswali na majibu, aulizwaye yeye, ajibuye yeye, ambayo kila aliyeisoma alielewa kwamba kutunga na Lennon kumekwisha. Tarehe 10 magazeti ya Uingereza yakatangaza kwamba Paul kajitoa. Lennon, aliyeianzisha bendi na aliyekuwa ameshaamua kuondoka miezi saba nyuma, akaona ameporwa hata haki ya kuaga. Baada ya hapo wakarushiana vijembe kwenye santuri kama wako kwenye taarabu ya mipasho. Hao walikuwa wametunga pamoja tangu ujana wao Liverpool. Wewe na hao wenzako itakuwaje?

Sasa tuje kwako. Kiti unachokalia wewe, pale Beatles alikikalia George Harrison. Alikuwa mdogo wao wote. Lennon na McCartney walishapatana tangu ujana kwamba wimbo wowote wa mmoja wao utabeba majina ya wote wawili, na George akawa nje ya mlango huo. Kwa kawaida alipewa nafasi ya wimbo mmoja au miwili kwenye albamu. Januari 1969 walikuwa Twickenham, kwenye studio ya filamu yenye baridi, kamera zinawakodolea macho tangu asubuhi. George akaleta wimbo wake "All Things Must Pass". Wakaujaribu mara kadhaa, wakauacha. Tarehe 10, wakati wa chakula cha mchana, akaaga akaenda zake.

Siku chache baadaye alirudi, na hapa nataka usome polepole. Alirudi na masharti: mpango wa onyesho kubwa ng'ambo ufutwe, na Twickenham wahame waende kwenye studio yao wenyewe, Savile Row. Yote akapewa. Akamleta na Billy Preston, mpiga kinanda kutoka Marekani, na mambo yakatulia, maana sisi binadamu mgeni akiwepo tunakumbuka adabu. Tarehe 30 mwezi huohuo wakapanda juu ya paa la jengo lao wakapiga, na hiyo ikawa mara yao ya mwisho kupiga pamoja mbele za watu. Lakini tazama alichoomba George: mahali na onyesho. Idadi ya nyimbo zake haikuwa kati ya masharti yale. Ule wimbo ukabaki palepale ulipokuwa.

Mgao wenyewe ulikuja kutajwa Septemba ya mwaka huo, Ringo Starr akiwa hospitalini na wenzake wamewasha kinasa sauti ili naye asikie kikao. Lennon akapendekeza albamu itakayofuata yeye, Paul na George wapate nyimbo nne kila mmoja, na Ringo mbili akizitaka. Hesabu nzuri kabisa, ila ilichelewa: hata mwezi haukwisha kabla Lennon hajasema anaondoka. Mwezi huohuo ikatoka albamu yao ya Abbey Road, na ndani yake mna "Something" na "Here Comes the Sun", zote za yule mdogo wao. Novemba 1970 George akatoa kazi yake binafsi, santuri tatu katika boksi moja, akaipa jina la wimbo ule walioukataa. Daftari lake lilikuwa limejaa kama lako.

Kwa hiyo, mwanangu, tatizo lako si uchovu, ni kwamba hujawahi kuomba kwa namba. "Tutauangalia" ni jibu la mtu aliyeulizwa swali lisilo na kipimo. Itisha kikao, si mazoezini, na gitaa uliache nyumbani. Sema: kwenye kazi yetu ijayo nataka nyimbo tatu, zifanyiwe mazoezi kwa muda uleule mnaozipa zenu, na ziandikwe kwa jina langu. Halafu nyamaza. Wakisema mbili, mnaweza kuelewana. Wakirudia "tutauangalia", umepata jibu lako bila kumtukana mtu.

Kabla ya kikao zirekodi zote, hata kwa simu, uzisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Si kwa ubaya. Nyimbo zinazozunguka mazoezini miaka saba bila karatasi zina tabia ya kupata baba wengine.

Mpiga dramu wenu mchunguze vizuri. Unaniambia anacheka tu. Katika Beatles wa kwanza kuondoka hakuwa George wala John, alikuwa Ringo, mpiga dramu wao, mtu wa masihara kuliko wote. Agosti 1968 aliona hapigi vizuri na hapendwi, akachukua familia yake wakaenda Sardinia. Wenzake wakamsihi arudi, na aliporudi akakuta dramu zake zimepambwa maua. Katika ugomvi wote ule, hicho ndicho kitendo ninachokipenda. Ila ilibidi mtu aondoke ndipo aambiwe kwamba anathaminiwa. Wewe usingoje. Mtafute mpiga dramu nje ya mazoezi, muulize anaonaje, na umsikilize hadi amalize.

Yule mchumba wa mwimbaji mwacheni. Lennon alikuwa akija studio na Yoko Ono, na dunia nzima ikamtwisha mama wa watu lawama za kuvunjika bendi. McCartney mwenyewe, kwenye kanda za Januari 1969, alitania kwamba miaka 50 ijayo watu watacheka wakisikia walivunjika kwa sababu Yoko alikalia amplifaya. Alijua tayari kwamba kisa si hicho. Kama dada huyo anakatiza mazoezi, mwambieni mwimbaji, kwa upole, uso kwa uso. Kama anakaa tu kwenye kiti, mnatafuta mchawi.

La shemeji ndilo linalonitisha. Beatles walikuwa na meneja mmoja waliyemwamini wote, Brian Epstein, aliyefariki Agosti 1967 akiwa na miaka 32. Tangu hapo hawakupata mtu wa kuwapatanisha. Mwaka 1969 John, George na Ringo wakamchagua Allen Klein, mfanyabiashara wa New York. Paul akawataka Lee Eastman na mwanawe John, yaani baba mkwe na shemeji yake. Walikuwa wanasheria wanaoijua kazi, na kuhusu Klein Paul hakukosea sana, kwani miaka michache baadaye hata wale watatu waliishia mahakamani naye. Lakini hebu jiweke mahali pao: fedha yako iko mikononi mwa kaka wa mke wa mwenzako, siku mkigombana atamtetea nani? Tarehe 31 Desemba 1970 Paul aliwashtaki wenzake watatu Mahakama Kuu ya London ili ushirika wao uvunjwe, na makaratasi hayakumalizika hadi 1975. Kwa hiyo huyo shemeji wa mpiga besi, hata awe mwadilifu wa kupindukia, asiwe meneja wenu. Mkimpenda, awatafutie maonyesho kwa kamisheni iliyoandikwa. Mfuko ashike mtu ambaye nyote wanne mnaweza kumfukuza.

Na fedha za watunzi msizionee haya. Mwaka 1975 Queen, bendi nyingine ya Uingereza, walitoa "Bohemian Rhapsody", wimbo wa Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar. Upande wa pili wa santuri kulikuwa na wimbo wa Roger Taylor, mpiga dramu. Kila nakala iliyouzwa kwa ajili ya Freddie ilimletea na Roger mirabaha ya utunzi sawasawa, na hilo liliwakera wenzao miaka mingi. Kuanzia albamu yao ya 1989 wakaamua kila wimbo uandikwe jina la Queen, uwe wako au wangu. Bendi haikuvunjika. Kwenu nisingeshauri hivyo sasa hivi, kwa sababu wewe bado jina lako halijaonekana popote. Litaonekana lini likishamezwa na la bendi? Subiri nyimbo zako tatu zitoke kwanza.

Kuhusu kuitwa msaliti: bendi ya dansi ya Simba Wanyika ya ndugu Kinyonga, ambao walipiga hapo hapo kwenu Arusha kabla ya kuvuka kwenda Kenya, ilikimbiwa na wanamuziki wake kadhaa mwaka 1978 jijini Nairobi. Waliotoka wakaunda Les Wanyika, wakatupa "Sina Makosa", na Simba Wanyika ikaendelea kurekodi. Wapenzi wa dansi walizinunua zote mbili. Mashabiki hununa mwezi, kisha wanasikiliza.

Ila wale waliondoka hadi na nusu ya jina, jambo ambalo wewe usilijaribu. Kabla ya kikao ulizia bendi yenu ilisajiliwaje BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na kwa jina la nani. Ukikuta iko kwa jina la mpiga besi peke yake, hilo liwe ajenda ya kwanza, hata kabla ya nyimbo zako.